Mwiba Niliouchomoa

Dada yangu Mejumaa,

Sauti moja haijaniacha: mchaniko wa mwiba wa samaki taa nilipouchomoa pajani mwako, kama mwenye duka anapochana kitambaa cha bafta. Niliisikia bwenini, nikaisikia hata kwenye sala.

Mwaka ule ndio kwanza bendera yetu ya uhuru ilikuwa imepandishwa. Nilirudi likizo, nawe ukaniburuta hadi Gazi, nyuma ya mikoko, tukatande uduvi, kuuchota majini kwa leso. Wewe ulishika ncha zako, mimi zangu. "Inama, msomi!" ukanicheka. "Uduvi haujali una cheti." Nilikuwa bado nacheka ulipopiga magoti kuinua leso, ukamkandamiza taa mchangani, mkia wake wenye mwiba ukakupiga paja.

Mimi na Mama Saumu, jirani yetu aliyekuwa akitanda karibu, tulikuvuta hadi pakavu. Mwiba ulikuwa umezama, damu ikichuruzika kidogo tu. Kwetu mwiba hauachwi mwilini. Uwe wa samaki au wa mti, hung'olewa papo hapo. Mama Saumu akapiga kelele, "Utoe, mwanangu, sumu inapanda!" Nawe ukanishika mkono: "Mwanatumu, nakuomba." Shuleni nilikuwa nimefundishwa kwamba kitu kilichozama vile huachwa palepale, huzungushiwa vitambaa, kikafungwa kisicheze, mtu akabebwa amelala hadi kwa daktari. Nililijua hilo, dada. Lakini niliona haya kuwafundisha wakubwa zangu. Nikavuta.

Damu ikaruka. Nikabonyeza leso, kisha nikafunua nitazame kama imekoma. Nikabonyeza, nikafunua tena. Kila nilipofunua ilianza upya. Ilifaa nikandamize kwa uzito wangu wote, nguo ikilowa niongeze nyingine juu yake, nisichungulie kabisa. Ukaniuliza, "Imekoma?" Nikakujibu, "Imekoma, dada." Hatukufika hospitali ya Msambweni nawe ukiwa hai.

Matangani walinipa pole, wakasema nilijitahidi. Maneno yale yaliniuma kuliko lawama. Mama naye hakunilaumu. Alichofanya ni kumkataza binti yako Riziki kuigusa bahari. Sasa Riziki amekuwa msichana mkubwa. Wenzake wakienda kutanda, yeye hubaki uani akipeta mchele, nao humpigia kelele kutoka njiani, "Haya, bibi harusi, usilowe miguu!" Huinama juu ya ungo asiwaone. Nami nilinyamaza, kwa sababu hofu ile ya Mama niliipanda mimi, na sikujiona kuwa na haki ya kuing'oa.

Juzi nilimketisha mwanao nikamweleza kila kitu: mwiba wa kuachwa, damu ya kukandamizwa. Nikampa paja langu ajaribu. Alikandamiza mpaka mguu ukafa ganzi.

"Nichungulie kidogo, mama mdogo?"

"Hata kidogo."

"Na ukilia?"

"Nikilia, kandamiza."

Kisha nikamwendea Mama. Nilimwambia, "Mama, kesho nakwenda naye kutanda." Akageukia ukuta. Mpaka sasa hajasema nami, na huenda nastahili hivyo. Sijui kama ninamfanyia Riziki wema au ninakukosea mara ya pili.

Pumzika, dada. Mungu alitie nuru kaburi lako. Jana asubuhi tuliondoka kwenda kutanda, mimi na binti yako. Maji yalipomfika magotini alipiga kelele kwa baridi, akaniangalia nitasema nini. Sikumrudisha.

Mdogo wako,
Mwanatumu