Kutii Si Maadili

Mjukuu wangu Wambui,

Hapa Nakuru tuko salama. Shosho yako amepona mguu na anakusalimu sana.

Kwa tafsiri yako ya Kituruki, umeniuliza kama "maadili" ni etik au ahlak. Unasema etik ni ya vitabuni, na ahlak ni tabia ya mtu mwenyewe. Andika ahlak. Ninakujibu kwa hasira, lakini si kwako.

Miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari ya vita vya Mau Mau, nilikuwa mkalimani wa mzungu mwenye shamba kule Njoro. Asubuhi moja alitukusanya wafanyakazi wote, akasema Mama Njeri, mkamuaji wake, hana ethics, kwa kuwa alimpa maziwa jirani mgonjwa aliyefukuzwa shambani. Nilijua tu kwamba neno hilo ni kama maadili, nikamwuliza maana yake hasa.

"Waambie ni kutii," akasema.

Nikawaambia, "Maadili ni kutii."

Mama Njeri akanitazama. "Hayo ni maneno yake ama ni yako?"

Siku hiyo hiyo alipakiwa kwenye lori na watoto wake, na sikumwona tena.

Yule mzungu nilimkasirikia miaka mingi. Lakini yeye alisema kwa Kiingereza, Wambui. Watu walisikia kutoka kwangu.

Guka wako