Betri Inayojijaza

Jumatatu, 3 Machi

Sebule yetu si sebule tena. Meza ya kulia imesukumwa ukutani, na juu yake kuna gurudumu la baiskeli limesimamishwa kwenye mbao, limepachikwa sumaku pande zote kama meno. Chini ya meza, betri ya pikipiki. Waya huku, waya kule. Nikifagia natembea kwa ncha za vidole.

Baba mtoto anasema hiyo betri ni ya kuamshia tu. Gurudumu likishaamka litazunguka lenyewe, na litarudisha kwenye betri umeme mwingi kuliko ule liliokula. Umeme wa bure! Akisema hivyo macho yanamng'aa, na mimi nafurahi naye. Mambo ya sumaku siyajui, shule niliishia la saba. Lakini uso wa mume wangu naujua.

Na sababu naijua. Ile siku umeme ulipokatika, mashine ya mvuke wa dawa anayopumulia mwanetu Kifaranga ikazimika katikati. Kifua kinapiga miluzi, midomo inabadilika rangi. Tulimkimbiza zahanati mikononi, baba yake mbele, mimi nyuma na kiatu kimoja. Tuliporudi akasema: mwanangu hatategemea tena waya wa watu. Ndipo haya yote yakaanza. Sasa mtu kama huyo utamchekaje?

Mtoto leo anapumua vizuri. Ameliona gurudumu linazunguka, akalipigia makofi.

Jumatano, 5 Machi

Kamati imekuja. Ndivyo wanavyojiita — kamati! Watu wanne na mume wangu akiwamo. Kuna Mwalimu, alifundisha sayansi mpaka akastaafu, huyo ndiye msemaji. Kuna Fundi Redio mwenye kibanda pale kona, huyo kazi yake kubisha. Na Kinyozi, ambaye nadhani anafuata chai.

Leo wamegombania neno. Kinyozi kasema, jamani hili jina mlilitoa wapi, umeme wa bure? Mtu akikuita mtu bure, amekusifu? Kazi bure si ndiyo ile ya kuhangaika usipate kitu? Nimecheka mpaka sinia ikacheza mkononi. Mwalimu hakucheka. Kasema kuanzia leo ni umeme huru, na anayetaka bure aende zake bure.

Fundi Redio naye: huru kwa nani, Mwalimu? Nguvu haishuki kama umande. Ulichokitia ndicho utakachokitoa, tena pungufu.

Baba mtoto akamjibu: wewe baki na redio zako. Simu isiyo na waya si ungesema uchawi?

"Simu ina chaja, Injinia!" Ni Fundi Redio tena. Mume wangu ni fundi wa pampu za maji, hilo jina la Injinia wamempa wao, na leo lilimchoma.

Walipozima gurudumu wakapima betri. Imeshuka. Fundi Redio kaandika kwa chaki nyuma ya mlango: volti 12.1. Akaniambia: shemeji, usifute, huu ni ushahidi. Baba mtoto chakula hakukigusa.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi baba mtoto alipokwenda kazini nikaiangalia ile betri chini ya meza, nikaionea huruma. Kweli! Aliwahi kunigombeza kwa ajili ya taa yetu ya zamani ya betri: betri usiiache na njaa, ikifa haifufuki. Basi nikatoa chaja yake kabatini, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, nikaichomeka ukutani.

Soketi ya sebuleni ni moja tu, na mchana ni zamu ya mashine ya mtoto. Kwa hiyo mchana nikachomoa, nikarudisha chaja kabatini. Kama ninavyoichaji simu.

Sikumwambia. Nimwambie nini? Nikipiga deki namwambia?

Jumapili, 9 Machi

Maajabu nyumbani kwangu!

Ijumaa walipima kabla ya kuanza, ikasoma 12.7. Wakadhani mita ya kupimia ni mbovu. Fundi Redio akaenda kuleta ya kwake. 12.7. Leo tena wamepima — vilevile! Wanaitumikisha jioni nzima, inashuka, kesho yake wanaikuta imejaa. Fundi Redio kakaa chini kwenye mkeka kama mtu aliyepewa habari za msiba. Kasema betri ikipumzika hupanda kidogo, lakini si hivi. Si hivi kabisa.

Mwalimu kaeleza kwamba sumaku zikitulia zinavuta nguvu ya ardhini na kuipitisha kwenye betri polepole. Fundi Redio akasema betri haina pua ya kuvutia. Kinyozi akamwambia hata wewe ulizaliwa huna meno, mbona leo unatafuna andazi langu?

Baba mtoto alinifuata jikoni, akaninyanyua juu pamoja na mwiko wangu. "Imejijaza, mama! Imejijaza yenyewe!" Nikalia. Tangu ile siku ya zahanati sijamwona hivi.

Na mimi moyoni nikajipongeza kidogo, maana betri yao kila asubuhi naitunza.

Jumanne, 11 Machi

Leo naandikia jikoni, mlango nimeufunga.

Wamepanga Jumamosi iwe siku ya kuonyesha. Majirani wote wataalikwa. Baba mtoto atakata waya wa nyumba kwa koleo mbele yao — kuukata, si kuuzima! Na kitu cha kwanza kuchomekwa kwenye gurudumu itakuwa mashine ya Kifaranga. Fundi Redio ameahidi kisanduku cha kuugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Tena kasema: nimebisha maisha yangu yote, Jumamosi nitaomba radhi hadharani.

Halafu Mwalimu akasimama. Akasema watu watatuuliza siri, nasi tutawajibu: tangu siku ile tulipofunga waya, betri hii haijaguswa na chaja hata mara moja.

Nilikuwa mlangoni na vikombe.

Chaja.

Nikaweka vikombe chini, nikarudi jikoni, nikajifanya napuliza moto. Kumbe pua ya betri ni mimi.

Jumatano, 12 Machi

Leo sikuichaji. Nimesema nione. Labda chaja yangu haikuwa na maana, labda sumaku kweli zinavuta. Mungu wangu, zivute!

Wamepima: 12.2. Wamelizungusha gurudumu, limekwenda, limechoka, limesimama. Mwalimu kasema ni mawingu. Kisha kasema shemeji anapofagia anazisogeza sumaku, kwa hiyo mpaka Jumamosi sebule isifagiwe. Kinyozi akasema basi Jumamosi tutawakaribisha wageni kwenye jalala. Hakuna aliyecheka.

Nimempeleka mtoto kliniki. Nimemuuliza nesi kijuujuu, mashine hii inataka umeme gani? Kaniangalia. Kasema umeme uliotulia, mama, ukipanda na kushuka unaiunguza. Na ni hii tu waliyo nayo ya kuazimisha.

Mtoto ameanza kukohoa.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemwambia.

Nilingoja ale kwanza. Nikasema, baba mtoto, ile betri nilikuwa naichaji mimi. Akasema ipi. Nikasema hiyo. Kila asubuhi. Ulinifundisha nisiiache na njaa. Nikaacha juzi na jana, na leo.

Alicheka, lakini si kile kicheko chake. Akachukua kitambaa akaanza kufuta sumaku, moja moja, kama anayeogesha mtoto. Mimi nimesimama tu. Heri angenifokea!

Akaniuliza umemwambia nani. Nikasema hakuna. Akaniuliza tena, hata nesi? Hata nesi.

Nikajikaza, nikasema: mume wangu, kwani lazima lizunguke lenyewe? Si tutafute betri kubwa, tuichaji kwa huohuo umeme wa ukutani, siku ukikatika Kifaranga apumulie? Akakikunja kile kitambaa. Halafu kasema, polepole, "Hilo mtu yeyote anaweza."

Nikashindwa kuelewa ubaya wake uko wapi.

Akamchukua mtoto, akaweka sikio kifuani pake, akakaa hivyo, macho kayafumba. Nikajua kesho atawaambia wenzake. Anatafuta maneno tu. Nimemwachia wamalizane yeye na mwanawe.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeamka nikaikuta chaja ukutani. Imewaka taa yake. Si mimi.

Yeye alikuwa anapanga viti vya kuazima. Nikamwangalia, akaniangalia. Kasema "Usiguse," kisha akageuka, akaendelea kupanga. Watu walipoanza kubisha hodi, chaja haikuwepo tena ukutani.

Sasa sebule imejaa mpaka barazani. Niko chumbani na mtoto, kifua kinapiga miluzi tangu alfajiri, nimempa mvuke mara moja na dawa. Amelala, mbavu zinaingia na kutoka. Mashine iko mapajani mwangu. Naandika juu yake.

Mwalimu amepima kwa sauti kubwa: 12.8! Wamepiga makofi. Fundi Redio ameomba radhi, kofia mkononi. Hata mimi machozi yamenitoka, mzee wa watu. Gurudumu linavuma.

Baba mtoto ameita: Mama Kifaranga, lete mashine!

Nimeishikilia mashine.

Ameita tena. Kinyozi kadakia: shemeji anajipamba, leo atapigwa picha! Kicheko sebule nzima.

Sasa amekuja mwenyewe. Haingii. Naiona miguu yake chini ya pazia, viatu vya Sikukuu. Koleo iko mkononi, naisikia anavyoibana na kuiachia, ka, ka. Kwa sauti ya chini, ya kwetu wawili: nipe, mama. Dakika chache tu, watu waone, halafu waya nitauunga.

Nikasema mtoto anaihitaji.

Nyuma yake watu wameanza kuhesabu kwa wimbo, moja, mbili, wanadhani bado kidogo. Akasema, sauti ndogo kama ya mtoto aliyevunja kikombe: "Nikirudi mikono mitupu nitawaambia nini?"

Nikamjibu: waambie hivyohivyo, mtoto anaihitaji.

Miguu haijaondoka. Koleo imenyamaza.