Swali la Binti Yako

Kaka yangu wa sauti tupu,

Huku tu wazima. Paa halivuji tena, na fundi redio bado anaahidi.

Binti yako ana utafiti wa teknolojia shuleni. Alianza na swali, "Je, simu ni nzuri au mbaya?" Mwalimu akamwambia, "Hilo hata kuku atalijibu. Niletee swali ambalo hulijui jibu lake, lakini unamjua wa kumuuliza."

Akashinda anatafuna kalamu. Nikajitia mjuzi, nikampa langu la roketi. "Shangazi, roketi tutamuuliza nani hapa? Muuza maziwa?"

Jana kaandika hili: "Kwa nini mtu aliye mbali huzima kamera anapopiga simu nyumbani?" Mwalimu kalisifu mbele ya darasa zima, kisha akamuuliza atamhoji nani. Mtoto akainama.

Kuuliza si ujinga, wanasema. Mimi nilikisia unaumwa, nikaogopa jibu. Yeye kaniambia, "Hata kama amekonda, shangazi, ni baba yangu."

Jumapili atakupigia, kalamu mkononi. Jibu si lazima liwe zuri, kaka. Washa kamera tu.

Ni mimi dada yako,
mtaalamu wa roketi