Misuku Isiyozaa

Jumapili, 6 Novemba 1994

Masuku yameanza kuanguka msituni! Mama amerudi na beseni la kwanza, akalisukuma chini ya kitanda changu yamalize kuiva. Chumba kizima kinanukia sukari na udongo. Nimekula kumi, nimetema mbegu dirishani, kisha nikaanza tena kuzunguka. Kutoka mlangoni hadi bombani, kutoka bombani hadi mlangoni. Mama anasema nitachimba mfereji.

Mwaka mzima na zaidi tangu masomo yasimame Lubumbashi. Mwaka wa pili wa biolojia — na kazi yangu ni kuchambua sombe, majani ya muhogo.

Papa naye anazunguka. Kiwandani walimwambia angoje nyumbani mpaka aitwe. Hajaitwa. Tunapishana sebuleni bila kutazamana.

Jumatano, 9 Novemba

Papa atachoma makala, mkaa wa kuuza. Papa Athanase, fundi wa mashine, mwenye kalamu tatu kwenye mfuko wa shati! Ametutangazia mezani, mbele ya ugali wetu, bukari, kama mtu anayesoma barua ya serikali. Jirani yetu Godefroid anapeleka lori Lubumbashi kabla ya Noeli. Atabeba magunia ya Papa, na mimi juu yake. Chuo kitafunguliwa Januari, ndivyo wanavyosema.

"Makala itakurudisha ku masomo, Laure," akasema. "Minye nitapaka masizi, weye utavaa blouse nyeupe."

Nikacheka, nikaenda kulia nyuma ya jiko. Kwenda!

Tatizo ni miti. Upande wetu wa njia ya Mulungwishi imebaki misuku tu, miti ya masuku, na musuku haukatwi. Hakuna karatasi inayokataza. Ni sheria ya wanawake waokotaji: usipige mti mawe, usiutikise, okota kilichoanguka, na shoka lipite mbali. Hata wachoma makala wakongwe wanauzunguka. Mama ataenda kumwomba Mama Bibiane, mkubwa wa waokotaji.

Jumamosi, 12 Novemba

Mama Bibiane amekubali! Kwa sharti moja.

"Ile yenye haizalake, akate," alimwambia Mama. "Inakula udongo bule. Lakini kwanza tuiweke alama, asikosee. Na huyu mademoiselle wenu ashike chokaa, hata siku moja tumuone anafanya kazi."

Jumatatu, 14 Novemba

Tumeweka alama. Wanawake saba, Mama, na mimi na ndoo ya chokaa. Hawana daftari, wana kichwa. Huu ulizaa sana mwaka aliozaliwa Dodo, mtoto wa mmoja wao. Ule unatoa madogo lakini matamu. Mti uliowahi kuzaa wanaufunga kitambaa. Ambao hakuna anayekumbuka tunda lake, Mama Bibiane anaunyooshea kidole, nami naupaka mstari mweupe.

"Paka huyu! Ni kama bwana yangu: kivuli mingi, chakula hakuna!"

"Wako iko na kivuli? Una bahati, dada!"

Wamecheka mpaka wakaketi chini. Mimi pia. Nilikuwa napaka kwa furaha, mkono mwepesi, kila mstari hatua moja kuelekea Lubumbashi. Vitambaa ishirini na vitatu. Chokaa ishirini na moja.

Mama Bibiane alitazama michirizi hiyo, akasonya, akasema: Kumbe tulikuwa tunaishi na wavivu wengi hivi!

Jumanne, 15 Novemba

Ishirini na tatu kwa ishirini na moja.

Nilikuwa nasugua burashi, na hesabu hiyo ikakataa kutoka kichwani. Miti tasa haiwezi kuwa nusu ya msitu. Nusu kwa nusu ni kitu kingine — ni darasa letu la sekondari, wasichana huku, wavulana kule.

Nikafungua sanduku, nikachimbua daftari la botanika. Ipo. Uapaca, yaani musuku na ndugu zake, jenasi nzima: maua ya kiume kwenye mti wake, ya kike kwenye mti wake. Mwandiko wangu. Nimepiga mstari mwekundu kwa ajili ya mtihani ambao haukufanyika.

Si tasa. Ni miti dume.

Bila vumbi la maua yao wale wa vitambaa hawatashika tunda. Lakini masuku ya mwaka huu yamekwisha kushika, yataanguka mpaka Januari hata Papa akikata yote. Hakuna atakayeona kitu. Mwaka ujao ndipo wanawake watakwenda na mabeseni na kukuta majani tu. Na miezi hii, unga wa nyumba saba unanunuliwa kwa pesa ya masuku. Wa kwetu pia.

Mwaka ujao mimi nitakuwa Lubumbashi.

Nimeandika sentensi hiyo. Naitazama. Sijaifuta.

Alhamisi, 17 Novemba

Papa amekata wa kwanza. Sijasema.

Jumamosi, 26 Novemba

Amekata kumi na mmoja. Viganja vya Papa vimepasuka, Mama anavipaka mafuta ya mawese. Ananishonea pia sketi, bluu. Nimeijaribu mara tatu, nimeivua mara tatu.

Miti dume mingapi inatosha? Majike ni ishirini na matatu. Daftari halisemi. Nilijiambia: kumi ikibaki, nitasema. Imebaki kumi. Sasa najiambia: tano.

Najijua. Ikifika tano nitajiambia tatu.

Jumapili, 4 Desemba

Nimesema! Lakini kwa wanawake, si kwa Papa. Baada ya misa, chini ya ukuta wa kanisa, nikaeleza vizuri, kwa utaratibu: vumbi, upepo, nyuki, dume, jike. Kisha kicheko kikapasuka.

"Muti iko na bwana?"

"Basi ule wangu mwenye kulala tu, kumbe anafanyaka kazi!"

"Mademoiselle, bakikuoa, utatafuta vumbi?"

Mama Bibiane hakucheka sana. Alinishika mkono. "Mwanangu, niko na miaka makumi tatu ya kuokota. Kitabu yako iliokota beseni ngapi?" Akaenda zake. Na nilifarijika — hilo ndilo baya. Nilikuwa nimesema, hawakuamini, nikajiona safi.

Mama alitembea mbele yangu njia nzima. Mlangoni akauliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Akafunga mlango.

"Basi usimuambie papa yako," akasema. "Kwanza uende."

Mama, ambaye masuku ndiyo soko lake!

Ijumaa, 9 Desemba

Imebaki minne. Siwezi kukaa, siwezi kusoma, siwezi kula masuku. Mama anafunga sanduku langu bila kunitazama.

Jumatatu, 12 Desemba

Naandika msituni, nimekaa juu ya gogo.

Nilimletea Papa chakula. Tanuru la mwisho limefunikwa udongo upande mmoja tu, upande wa pili uko wazi. Alikuwa akinionyesha jinsi moshi utakavyopita, kwa fahari, kama zamani alivyonionyesha mashine. Na nikasema. Yote, kabla hajanawa mikono.

Hakucheka. Aliangalia visiki, kimoja kimoja.

"Minye, mutu wa mashine," akasema, "nimefungua mashine, nimetoa kipande bila kuuliza kazi yake."

Kisha: "Ulijua tangu lini?"

Nikasema tangu kesho yake, baada ya kupaka chokaa.

Nilitaka anipige. Alinawa, akamega bukari, akatafuna polepole. Mama anajua? Anajua. Akatikisa kichwa kama aliyepata jibu la hesabu ngumu.

Miti dume imebaki mitatu. Tanuru halijai wala halifungiki bila magogo ya miwili kati yake. Likibaki wazi, hakuna magunia ya kutosha, na lori la Godefroid ni Alhamisi ya wiki ijayo, halingoji mtu. Papa amenieleza hayo kwa sauti ya kawaida. Kisha amesimama na shoka.

"Sema weye," akasema. "Minye sina akili ya kitabu. Ukisema tuache, tunaacha, tunaenda nyumbani. Ukisema nikate, uonyeshe ni gani."

Nikasema angoje. Nikatoa daftari hili. Akangoja. Hakuuliza naandika nini. Upepo, majani makubwa yakigongana.

Halafu nikasikia sauti yangu: "Ule wa kushoto."

Sijui kwa nini ule. Papa ameniangalia kidogo tu, ametema mate viganjani, amekwenda.

Pigo la kwanza. Ndege wameruka. Ganda limefunguka, ndani ni jekundu.

La pili.

Musuku ni mgumu, hauanguki upesi. Bado naweza kusema aache. Papa naye anapiga taratibu kuliko siku zote, anapumzika baada ya kila pigo, na akipumzika anageuza uso huku niliko.

La tatu. Ananitazama. Mimi naandika, sisemi aache.