Shamba Lililofagiwa

Jumatatu, 3 Machi
Butembo. Baridi kali hapa Mususa, ukungu mpaka dirishani. Nilitoka kabla ya chai. Nyuki mpweke bado alikuwa amelala kwenye bua la kitunguu nyuma ya nyumba. Huling'ata bua kwa meno na kulala hivyo, miguu ikining'inia. Baridi inanisaidia: mdudu aliyekakamaa hakimbii. Picha nyingi, nzuri moja. Lenzi nimeigeuza nyuma mbele, hivyo sehemu inayoonekana wazi ina unene wa karatasi tu. Ukipumua, umeipoteza. Nimezoea kutopumua.

Kasereka alipiga simu kutoka Beni. Ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, Katembo. Amempata mtu mwenye mashine ya kukata miti. Atakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Anataka niwepo. Ni haki yake. Uamuzi niliutoa mimi, mbele ya ukoo: miti ya kakao ya Katembo haizai, basi ikatwe, na mahali pake vijengwe vyumba vya kupangisha. Kavugho, mjane wake, hakusema kitu siku ile. Nilichukulia kwamba amekubali.

Jumatano, 5 Machi
Beni. Majivu ya Kwaresima kanisani asubuhi, kisha barabara. Kwenye kizuizi askari alifungua mfuko wa kamera, akataka kujua ninapiga picha za nini. Wadudu, nilimjibu. Aliwaita wenzake waje wamwone mtu mzima anayepiga picha za wadudu. “Muzee wa badudu, pita!” Nilipita.

Nimefikia kwa Kavugho, Mulekera. Alinipokea kwa heshima: maji ya kuoga, ugali, maharagwe bila nyama kwa sababu ya siku yenyewe. Uwanja umefagiwa. Shamba nalo limefagiwa, mpaka kwenye uzio wa jirani. Udongo mtupu, wenye mistari ya ufagio kama karatasi ya shule. Hakuna hata jani moja chini ya kakao. Kaburi la Katembo liko katikati ya miti, limezungushiwa mawe meupe. Nilimsifu Kavugho kwa usafi. Mjini hapa nyumba hupimwa kwa uwanja wake. Alifurahi.

Mbele ya kaburi sikuhuzunika. Naandika ilivyokuwa.

Alhamisi, 6 Machi
Niliamshwa na ufagio. Kavugho huanza na kaburi, kisha huenda mti hadi mti.

Sikuwa nimewahi kulitazama ua la kakao kwa karibu. Linaota kwenye shina lenyewe, bila jani, dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Petali tano nyeupe, kila moja imejikunja kama kofia ya mtawa. Ndani yake kuna nyuzi nyekundu zilizosimama. Chavua imefichwa chini ya kofia. Aliyeliumba hakutaka nyuki mkubwa aingie.

Nilipiga magoti kwenye mti ulio karibu na barabara. Dereva wa pikipiki alipunguza mwendo. “Muzee, jino ilianguka?” Abiria wake alicheka mpaka kona. Sikugeuka.

Maua ni mengi sana. Na chini yapo mengi yaliyoanguka. Kavugho aliyafagia pamoja na vumbi.

Ijumaa, 7 Machi
Umeme haukuwepo. Nilichaji betri kwenye duka la jirani na kurudi jioni kutazama picha. Ua baada ya ua, ndani hamna kitu. Buibui mmoja mrukaji, macho manne mbele kama taa za lori. Picha nzuri. Lakini ndani ya maua, hakuna aliyeingia.

Mahali pengine ningesema ni bahati mbaya ya siku moja. Lakini upande wa pili wa uzio kuna shamba la Mumbere, mzee wa kanisa la Kiprotestanti. Ni shamba chafu kuliko yote niliyoyaona Mulekera. Majani yaliyooza, maganda ya kakao yaliyorundikwa popote, migomba iliyoanguka na kuachwa ilale. Na miti yake imebeba tangu chini mpaka matawini. Jambo hilo liliniudhi. Uvivu haustahili mavuno.

Jumamosi, 8 Machi
Nilimwomba Mumbere ruhusa ya kupiga picha kwake.
“Karibu mu pori yangu, Mwalimu. Angalia tu nyoka. Ata nyoka huku inakulaka vizuri.”
Nililala kifudifudi kwenye uozo tangu kulipopambazuka. Suruali imeharibika. Katika ua la nne palikuwa na nukta inayosogea. Nilizuia pumzi. Picha haikutulia. Nilibaki pale mpaka jua likawa kali.

Jumapili, 9 Machi
Misa. Siku ya Bwana sipigi picha. Kuzitazama si kazi.

Ni kisubi. Mdogo kuliko mbu, mwenye vipapasio vya manyoya kama masuke ya mtama. Katika picha moja anatoka chini ya kofia ya petali, na mgongoni amebeba punje za chavua. Nimezikuza mpaka kioo cha kamera kikashindwa. Ni chavua, sina shaka.

Kavugho aliniletea viazi vya Lubero, akaniuliza kwa nini sili. Nilisema nimeshiba. Nilidanganya.

Jumatatu, 10 Machi
Nilirudi kwa Mumbere na kugeuza kipande cha mgomba uliooza. Ndani, kwenye unyevu, vijidudu vyeupe kama nyuzi zilizokatwa. Na juu yao visubi vichanga, mabawa bado yamekunjamana. Nilipiga picha mpaka kadi ikajaa.

Basi wanazaliwa humo. Katika uchafu. Huinuka asubuhi, huingia katika maua yaliyo jirani, hubeba chavua. Bila uozo hakuna visubi, na bila visubi ua huanguka.

Nilisimama kwenye uzio, nikatazama upande wetu. Udongo mtupu, mkavu, safi. Tangu Katembo azikwe, Kavugho amefagia kila asubuhi. Zamani miti ile ilizaa. Nakumbuka Katembo akiniletea kakao Butembo. Sisi wote tulisema miti imezeeka. Mimi nilisema kwa sauti kubwa kuliko wengine.

Sikufurahi kwa kugundua.

Jumanne, 11 Machi
Mtu mwenye haraka huamini picha moja. Nilitaka uthibitisho. Nilichukua chavua ya Mumbere kwa ncha ya jani la nyasi, nikaigusisha ndani ya maua yetu, kwenye mti ulioegemea kaburi. Kila ua nililoligusa nililifungia uzi mwekundu chini ya kikonyo. Kazi ya macho na mikono. Macho yangu bado yanatosha.

Kasereka alinikuta. “Baba mukubwa anakuwa padri! Anaozesha maua!” Akaenda kumwita mkewe aje aone harusi. Ni kijana mwema, lakini hucheka kabla ya kufikiri.

Jumatano, 12 Machi
Mvua. Kavugho alifagia mara ilipokatika.

Ijumaa, 14 Machi
Maua yasiyo na uzi yaliyofunguka siku ile yote yameanguka. Yenye uzi yamebaki, karibu yote. Vikonyo vimekuwa vinene kidogo, kijani. Nilipiga picha pande zote mbili, kwa umbali mmoja, kwa mwanga mmoja.

Nilimwonyesha Kasereka. Mara hii hakucheka. Nilimwambia amzuie mtu wa mashine.
“Mais baba mukubwa, uliisha kusema mbele ya famille. Huyo mutu nitamwambia nini?”
Mwambie nimekosea, nilisema. Alinitazama kama mtu aliyesikia mbwa akizungumza. Kisha akanikumbusha kwamba vyumba vilikuwa riziki yake, na ana mtoto njiani. Ni kweli. Tulikubaliana mpaka mwisho wa Juni. Miti ikizaa, inabaki. Isipozaa, mashine inarudi, nami sitafungua kinywa.

Lililobaki lilikuwa zito. Jioni nilimwonyesha Kavugho picha, moja baada ya nyingine: kisubi, mgomba, ua lililobaki. Nilieleza kama nilivyokuwa nikieleza darasani, taratibu, bila kuruka. Alielewa upesi kuliko mwanawe. Aliuliza:
“Donc nisifagie?”
Nilisema ndiyo.
“Na yeye, Mwalimu? Nimuache Katembo mu takataka? Batu bapite hapa baone majani juu ya bwana yangu?”
Nilizima kamera, akaendelea:
“Siku ile mulisema miti ikatwe, nilinyamaza juu mulikuwa banaume tu. Leo nasema. Hapana.”
Alikusanya vikombe, akaingia ndani.

Nilimwonea huruma, nikaona aibu pia. Nilikuja kusimamia ukataji wa miti, na sasa nimemwambia mjane kwamba usafi wake ndio unaoiua.

Jumamosi, 15 Machi
Mtu wa mashine alikuja hata hivyo. Kasereka hakuthubutu kumzuia kwa simu. Nilitoka mwenyewe nikamwambia hakuna kazi. Alilalamikia mafuta yake. Nilimlipa mafuta.

Wakati huo wote Kavugho alikuwa akifagia. Hakuinua kichwa. Kaburi kwanza, kisha mti hadi mti, kama kawaida. Sijui kama hilo ndilo jibu lake.

Niliacha picha ya kisubi mezani, iliyochapwa kwa mpiga picha wa mjini. Haikuchapwa vizuri. Nimepanda gari la mchana.

Jumanne, 25 Machi
Mususa. Panzi mchanga kwenye jani la kabichi, anajivua ngozi. Nilikaa naye saa nzima. Mguu wa nyuma ulikwama, akauacha. Picha kumi na moja, zote wazi. Sikuzifurahia kama nilivyotarajia.

Hakuna habari kutoka Beni. Siwezi kupiga simu kuuliza kama mjane wa mdogo wangu anafagia. Haifai.

Jumatatu, 21 Aprili
Pasaka ilipita vizuri. Kasereka alipiga simu kutoa salamu, kisha akaleta malalamiko. Mama yake amepatwa na jambo. Wiki ile niliyoondoka alipanda juu ya uzio na kuomba migomba iliyooza kwa Mumbere. Aliipasua kwa panga, akaitandaza chini ya kakao kwa mikono yake, na maganda juu yake. Hafagii tena shambani. Kaburi tu, kila asubuhi, ndani ya mawe.

Wamama wa parokia walikuja kumtembelea. Walidhani anaugua. Mmoja wao alileta ufagio mpya, akafagia mwenyewe mpaka Kavugho akamnyang'anya. Mtaani wanasema mjane wa Katembo ameacha kutunza nyumba.
“Nilibaambia ni baba mukubwa ndiye alimufundisha uchafu,” alisema Kasereka. Alicheka, lakini kidogo.

Kavugho anaaibika kwa ajili ya neno langu. Nami nimekaa huku Butembo na nyuki zangu.

Jumapili, 11 Mei
Kasereka, kwa simu: maua mengi. Matunda, hakuna anachoona. Ya uzi mwekundu yamekuwa marefu kama kidole, lakini hayo ni yangu, si ya visubi. Hayahesabiki katika makubaliano. Nilikubali.

Sikulala vizuri.

Jumamosi, 21 Juni
Beni. Nilikuja bila kuitwa. Gari lilifika jua likiwa limeinama. Nilipita shambani kabla ya kubisha hodi. Si adabu, lakini nilipita.

Mguu ulizama kwenye majani. Harufu ya uozo, na chini ya kila mti wingu jembamba la nukta zinazopanda na kushuka. Kwenye mashina, toka usawa wa goti, vitunda vya kijani, virefu kama punje ya haragwe, vingine kama kidole. Hakuna uzi. Nilipita mti hadi mti. Mingi imeshika. Mitatu haijashika.

Kasereka alinikuta hapo. Alikuwa ameona tayari, siku mbili zilizopita. Alisema atajenga chumba kimoja, upande wa barabara, pasipo na miti. Kisha akanibebea mfuko.

Jumapili, 22 Juni
Kabla ya Misa nilienda kaburini. Mti ulioliegemea umebeba kuliko mingine yote. Ndani ya mawe meupe palijaa majani, makavu juu, meusi chini. Hapajafagiwa kwa wiki nyingi. Sikutarajia hilo. Sikumwomba hilo.

Nilimkumbuka Katembo akiwa mdogo, tulipofukuzwa kutoka shamba la baba kwa kugeuza mawe tukitafuta siafu. Yeye ndiye aliyegeuza. Mimi nilitazama. Nilihuzunika, kwa muda mrefu kidogo.

Niliona nifagie pale tu, ndani ya mawe, mara moja, kwa ajili ya siku ya Bwana. Ufagio ulikuwa umeegemea ukuta wa jikoni. Nilipouinua niliona pamba nyeupe kati ya njiti. Buibui mrukaji, jike, amekaa juu ya mayai yake. Hakukimbia. Alinigeuzia macho yote manne ya mbele.

Sipigi picha siku ya Bwana. Niliurudisha ufagio ukutani, polepole, kama ulivyokuwa.

Kavugho alikuwa mlangoni, amevaa kwa ajili ya kanisa.
“Mwalimu, chai inapoa.”
Tulikunywa. Kisha tukaenda Misa.