Kiti Kilichoshuka Lipingo

Mbinga, Jumapili, mwezi wa saba

Dada Agnes mpendwa,

Shikamoo. Sijawahi kuanza kuongea na wewe bila shikamoo, na sioni kwa nini nianze leo.

Baridi ni ileile unayoijua. Kahawa imeiva, na Kaka Thobias amevuna ya kwako pamoja na ya kwake. Nakuandikia nikiwa kitandani, mto mgongoni. Naandika kidogo, napumzika, naandika tena, kwa hiyo usishangae mwandiko ukibadilika.

Dada, kiti mwendo hakipo. Nimehangaika nacho moyoni wiki nzima na sina wa kumwambia yote ila wewe.

Ilianza siku tuliyokuwekea msalaba. Ile njia ya kwenda kaburini inapita katikati ya ngolo, mashamba yetu ya mashimo mlimani, na unajua magurudumu hayapiti kwenye mashimo yale. Kaka alisema vijana watanibeba. Nikakataa. Sikutaka kuletwa kwako kama gunia. Kabla ya siku hiyo nililala sana, sikufua, sikupika, hata rozari nilisali kimoyomoyo, ili nguvu zibaki. Siku ilipofika nikachukua fimbo yangu, ile uliyoikata mwenyewe ukaipima kwenye nyonga yangu, nikapanda. Nilipanda polepole, nikasimama karibu na msalaba wako mpaka padri akamaliza kubariki. Watu wakaniona.

Wewe ungeelewa. Kila asubuhi ulikuwa unachungulia mlangoni unauliza, "Leo fimbo au magurudumu?" Hukuuliza kama nimepona. Ulijua kwamba nikitembea leo, kesho nalipa, na kwamba usingizi hauondoi uchovu huu, kama daktari alivyotuambia. Unakumbuka yule mama wa bombani alivyosema, "Jana fimbo, leo kiti, kesho tutamwona na pikipiki"? Ukamjibu, "Na keshokutwa ndege, wewe ukiwa bado unasubiri ndoo ijae." Nilicheka mpaka nikachoka kwa kucheka.

Sasa wewe hupo, na jumuiya waliona muujiza.

Kesho yake sikuweza kuinua hata kichwa. Mwanga uliniumiza, nikalala na kanga usoni. Nikawasikia uwanjani. Walikuja na Mama Kilian mbele, wameleta ndizi na unga, wanaimba kumshukuru Mungu kwa sababu Benadeta amepona. Nilitaka kusema, Dada. Mdomo ulifunguka, sauti haikutoka. Mama Kilian akachungulia ndani, akasema taratibu, "Mwacheni mponywa apumzike." Wakaendelea kuimba.

Kaka Thobias naye aliamini, tena kwa furaha mpaka akalia. Na kwa furaha hiyo akakitoa kiti. Mjomba Filbert wa Lipingo, yule aliyekuwa akituletea dagaa, sukari ilimla mguu ukakatwa. Gari lilikuwa linashuka ziwani, Kaka akakipakia. Nilipoweza kukaa, pembeni ya mlango palikuwa peupe.

Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Mjomba hana mguu. Mimi ninayo miwili, na watu wote wameniona nikiitumia. Nitasemaje mbele yao kwamba nakihitaji? Nikikaa kimya, maisha yangu yote yataishia kati ya kitanda na mlango. Tangu kiondoke sijafika kanisani. Sijakaa kwenye banda la kahawa kuchambua pamoja na wenzangu, kazi pekee ninayoiweza. Nikijikokota kwa fimbo mpaka huko, nafika nikiwa nimekwisha, na kinachofuata ni siku nyingi za kulala gizani. Naogopa siku moja nitalala hivyo nisiamke tena vizuri.

Alhamisi jumuiya ilisali hapa kwetu. Nilikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Walipomaliza nikaomba kusema. Nikawaambia sijapona. Nikawaeleza siku ya msalaba ilinigharimu nini. Kisha Mama Kilian akauliza, na hakuwa anatania, "Kwa hiyo mwanangu, tulimshukuru Mungu bure?"

Sijui maneno yalitoka wapi, labda ni yako. Nikasema, "Mama, shukrani iacheni hukohuko. Kiti ndicho nakiomba kirudi."

Mtu mmoja akacheka, wengine wakafuata, lakini si wote. Mwingine nyuma akanong'ona kwamba uvivu nao siku hizi una magurudumu. Nilimsikia vizuri. Kaka alikuwa anaangalia miguu yake. Baadaye akaniambia, "Mdogo wangu, mimi nitamwambia nini yule mzee? Nimnyang'anye?"

Nakitaka. Nakuambia wewe kwa sababu wewe hutanihukumu. Nakitaka nikijua kabisa kwamba mjomba naye anakihitaji, na aibu hiyo hainiachi hata nikisali.

Nimemwambia Kaka asiende kusema kwa niaba yangu. Keshokutwa tunashuka wote Lipingo, nikiwa nimelazwa kiti cha nyuma cha gari. Nitamwamkia mjomba, nitamweleza mwenyewe ugonjwa wangu tangu mwanzo. Kaka atamchongeshea magongo kwa fundi, na tutamwombea parokiani kiti chake mwenyewe. Akisema hapana, sitamlazimisha. Nitarudi bila kitu, na sijui nitaishije. Akisema ndiyo, nitaona haya. Vyovyote itakavyokuwa, safari hiyo itanilaza, na hilo nimelikubali.

Ila ninakuahidi jambo hili. Sitatembea tena ili watu wafurahi. Siku ya fimbo nitashika fimbo, siku ya magurudumu nitakaa, na wakiniuliza nitawaeleza, hata kama sauti inatetemeka. Kwako nilitembea kwa sababu nilitaka, na sijutii hatua hata moja.

Mkono umechoka sasa. Pumzika, Dada yangu. Mimi bado naogopa, usiku na mchana naogopa. Mbele ya Mungu, unikumbuke.

Mdogo wako,
Benadeta