Lusajo kwa L

Ugonile, kaka Ambokile,

Nakuamkia kwa lugha ya mama kwa sababu ndiyo salamu pekee niliyobaki nayo kwako. Mama tumemzika, matanga tumeanua, wewe umesharudi Dar es Salaam kwenye mashine zako. Mimi niko hapa Mbeya na kuku wake.

Unaikumbuka Kihesa, mtaa wetu kule Iringa? Mwaka ule watu walikuwa wanahamishiwa vijijini, na wewe ulikuwa umepata kazi ya kutoboa kadi, zile ambazo kompyuta ya ofisi yenu ilisoma herufi kwenye matundu yake. Likizo ukaja Iringa na tenga la nyanya za Ilula na maneno ambayo mtaani kwetu hakuna aliyewahi kuyasikia. Ukakata mkufu wa mama, ukamwaga shanga kwenye ungo. Mama akafoka, wewe ukacheka. Ukaniambia kwamba kwa kompyuta maandishi ni uzi wa herufi: kila herufi ni shanga moja, na nafasi tupu kati ya neno na neno nayo ni shanga, hata kama haionekani. Nikaunganisha jina langu na la baba, nikaisahau shanga tupu, ikatoka LUSAJOAMBAKISYE. Likizo nzima ukawa unaniita hivyo kwa pumzi moja, kutoka jikoni hadi bombani.

Nilikupenda sana siku zile. Nakwambia wazi ili ujue ulichokivunja.

Siku nyingine ukanifundisha alama za kunukuu. Namba ukishaifungia humo, ulisema, si hesabu tena, ni maandishi tu. Mbili ukiiunganisha na mbili unapata ishirini na mbili. Mama akainua uso kwenye mboga yake.

"Basi hiyo mashine yako ikauze nyanya Ilula, tuone itarudi na nini."

Halafu ukachukua mkaa, ukaandika LUSAJO kwenye mlango wa jiko, na chini yake RUSAJO. Ukaniuliza kama huyo ni mtu mmoja. Nikajibu ndiyo, maana nyumbani kwetu nani anasikia tofauti?

"Kwa mashine ni watu wawili," ukasema. "Helufi moja ikikosewa, haikutafuti, haikuulizii. Haina huluma."

Ofisi yenu ikatangaza mafunzo ya kuandika programu, nami nikafanya mtihani pale Iringa mjini. Kila mwombaji alikuwa na kadi ya maombi na kadi ya matokeo, mashine ikiyalinganisha majina, yasiyofanana yanaachwa. Niliposikia kadi zangu utazitoboa wewe, nililala usingizi mzuri. Majibu yakatoka, simo. Ukaja mwenyewe kuniambia, macho chini, kwamba kwenye kadi moja uliweka R, na nafasi zimeshajaa.

"Si unatujua sisi Wanyakyusa, mdogo wangu. Ulimi unatuponza mpaka vidole."

Nikacheka, kaka. Nililia huku nacheka, na wewe ndiye niliyekufariji. Ukasema angalau nitakuwa karibu na mama, miguu imeanza kumgoma. Nikahama naye huku Mbeya. Nilimpikia, nilimwogesha, asubuhi za baridi nilimbeba mgongoni nikamweka juani.

Siku chache kabla hajafa nilikuwa namkanda miguu. Akanishika mkono.

"Ndaga, asante, mwanangu. Kaka yako aliniambia nisihofu, wewe hutakwenda."

Nikamuuliza kaka alimwambia lini.

"Kabla hujafanya mtihani."

Alinipa maneno hayo kama zawadi. Nikaendelea kumkanda.

Kikulacho ki nguoni mwako. Ungeniomba nibaki, ningebaki, na hilo linaniuma kuliko mafunzo yenyewe. Mama alikuwa wangu pia. Ungekaa nami jikoni ukasema, mdogo wangu, mmoja wetu lazima abaki, ningelia, kisha ningefungasha vyombo vyake. Wewe ukachukua somo ulilonifundisha kwa shanga za mama, ukanifungia nalo mlango. Halafu juzi msibani ukasimama mbele ya watu ukanishukuru kwa kujitolea. Sikujitolea, Ambokile. Nilitolewa.

Shanga zake zimo kwenye kopo la majani ya chai. Nilitaka kukupa nusu ulipokuwa unaondoka, nikaona mkono haunyanyuki.

Ukiandika, usinitajie tena ulimi wa Wanyakyusa. Ulimi wetu unaigeuza R kuwa L. Kwa mama ulikuwa ni kalanga na mahalage, kwako ni huluma, kwangu ni Mbalali na Ubaluku badala ya Mbarali na Ubaruku. Miaka yote hiyo sijamsikia mtu wa kwetu, si mtoto si mzee, akiikuta L akaifanya R.

Ubaki salama huko uliko. Kwa leo sina neno jingine jema la kukupa.

Mdogo wako,
Lusajo, kwa L